Moshi wa Lubondja

Kiangazi kile mama alitaka kitu kimoja tu: kujua kama watu wamerudi Lubondja, kijiji chake, ambacho wote walikihama. Jumapili alfajiri tuliondoka Baraka, kando ya ziwa, tukapanda mlima mkavu usio na hata mti mmoja, mawe yakiunguza kandambili zetu na maji yakipungua ndani ya bidoni. Kileleni akaketi akihema. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, basi akaniuliza mimi.

"Moshi iko?"

Nilitazama magharibi. Niliona vilima vyenye rangi ya simba, na vumbi. Sikuweza kumvunja moyo.

"Iko, mama. Mingi."

Akacheka mpaka akakohoa. "Muongo we! Leo siku ya Mungu, saa hii bote bako kanisa. Nani anapika?"

Nikaona aibu. Yeye akafungua muhogo wetu, akanimegea. "Kula. Tutangoja batoke."

Tukangoja, ziwa likimetameta nyuma yetu. Jua lilipopita utosini, uzi mwembamba wa moshi ulipanda kati ya vilima, kisha wa pili. Nilimshika kidole, nikakielekeza pale.