Mpango Ulioandikwa Katika Banda la Mpira

Niliondoka Korogwe kwenda Kang'ata kwa sababu ya aya moja. Aya hiyo ilikuwa ndani ya mpango wa njia ya mifugo, na kijiji kimoja cha kata ile kilikuwa kimekwisha kuukataa mpango huo mara mbili. Mara ya kwanza walikataa wakulima, mara ya pili wakakataa wafugaji. Katikati ya kukataa huko ng'ombe waliingia mashambani, fimbo zikatembea, na kijana wa watu akalazwa hospitali na mkono uliovunjika. Sasa halmashauri ilikuwa imetoa neno lake la mwisho: kijiji kikiridhia mpango, lambo litachimbwa pale, kisiporidhia, litapelekwa kwingine.

Mimi ni mwandishi katika shirika dogo la hapa Korogwe linalosaidia vijiji kupanga matumizi ya ardhi. Mwenzangu Hiza anachora ramani, mimi naandika maneno. Faili letu halikai ndani ya kompyuta ya mtu. Limehifadhiwa mtandaoni, na sote tunaliingia kwa wakati mmoja, yeye akiwa ofisini na mimi popote nilipo na kishikwambi changu. Akigusa neno, naliona likibadilika. Nikiligusa mimi, analiona yeye.

"Safari hii usichapishe kitu," Hiza aliniambia tulipokuwa tukijiandaa. "Unajua wanachosema kule. Tunaongea hapa, kinapikwa mjini."

Ni kweli walisema hivyo. Mara zote mbili tulichukua maneno yao, tukarudi nayo ofisini, tukayapanga vizuri, tukawapelekea karatasi safi, nao hawakuitambua. Kwa hiyo tuliamua kwamba mpango huu utaandikwa kulekule, wenyewe wakiwa wanatazama.

Asubuhi, stendi ya Korogwe. Basi la Handeni liliondoka nusu tupu, nikapata kiti cha dirishani na nafasi ya kuweka kishikwambi mapajani. Tuliuvuka mto Pangani, maji yakiwa mekundu kwa mvua za milimani, kisha tukaingia kwenye mashamba ya mkonge yenye mistari iliyonyooka kama imepigwa rula. Mama mmoja aliyeketi kando yangu alinitazama nikiandika, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Pole, mwalimu. Hata likizo wanawafanyisha kazi?"

Tangu walimu wagawiwe vishikwambi, anayekishika huku kwetu huitwa mwalimu, na mimi nimekwisha kuacha kubisha.

Kabla ya kufika Sindeni mtandao ulipotea. Niliendelea kuandika hivyohivyo, maana maneno hubaki ndani ya kifaa yakisubiri. Kule nje milima ya Usambara ilikuwa imebaki nyuma, na nchi ilikuwa imetanda vichaka na mahindi yaliyokauka. Tulipokaribia Handeni mjini kifaa kilitetemeka, maneno yangu yote yakapanda mtandaoni, na papo hapo nikaona jina la Hiza likitokea pembeni mwa ukurasa. "Nimekuona," aliandika. "Ramani ipo tayari. Wahi."

Handeni, mchana. Nilikunywa chai, nikanunua bando la kutosha, nikachaji kifaa mpaka kikajaa. Kisha nikapanda bodaboda, nikakifunga kishikwambi ndani ya kanga mbili kukikinga na vumbi. Barabara ya Kang'ata ni nyekundu na ina mashimo, na dereva wangu alikuwa mtu wa hadithi ndefu, lakini alinifikisha jua likiwa bado juu.

Mwenyeji wangu aliitwa Bi Mwanaisha. Ndiye aliyewaongoza wakulima kuikataa karatasi yetu ya kwanza, na nilipoambiwa kwamba nimepangiwa kulala kwake, sikuwa na amani.

"Shikamoo, mama," nikasema mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani." Akaupokea mfuko wangu. "Nimekataa karatasi zenu, sijakataa wageni."

Alinipa ugali kwa mbaazi za nazi, kisha akanipeleka nyuma ya nyumba. Mahindi yalikuwa yamekwisha kuvunwa na mabua yalikuwa yameanguka, lakini katikati yake mbaazi zilikuwa zimesimama, kijani kibichi, zikiwa na maua ya njano.

"Mtu wa mjini akipita hapa atasema shamba limekwisha," alisema. "Hizi ndizo sare za shule za wajukuu wangu. Mwaka jana ng'ombe walizila zote kwa asubuhi moja."

Asubuhi iliyofuata alikuja Lemburis, msemaji wa wafugaji, mwanamume wa makamo mwenye sauti ya chini. Tuliamkiana kwa Kimaasai changu kibovu, akanicheka kwa upole. Hakumtazama Bi Mwanaisha, naye Bi Mwanaisha akaendelea kufagia uwanja kana kwamba hapana mtu.

"Leo mtaandika nini?" Lemburis aliniuliza.

"Mtakachosema."

"Na mkifika mjini?"

"Hakuna mjini. Kitamalizika hapa."

Aliangalia kishikwambi kama mtu anayepima mnyama asiyemjua.

Mkutano ulipangwa ufanyike darasani, lakini watu walikuja wengi mno, na tatizo jingine nililiona mapema: kishikwambi ni kidogo. Wangekiona watu wa mstari wa mbele tu, na wa nyuma wangebaki wakiambiwa. Yangekuwa yaleyale. Nilimweleza mwenyekiti wa kijiji, akafikiri kidogo, akaita kwa sauti: "Shomari! Televisheni yako inafanya kazi?"

Shomari ndiye mwenye banda la kuonyeshea mpira. Ana televisheni kubwa kuliko dirisha, inayotumia umeme wa jua. Basi kijiji kizima kikahamia bandani, kina mama wakakaa mbele, wafugaji wakasimama na fimbo zao ukutani, na mimi nikaiunganisha skrini yangu na televisheni ile. Mpango wa njia ya mifugo ukatokea mahali ambapo watu wale huona magoli. Mnong'ono ulipita banda zima.

Nilisoma aya iliyoleta ugomvi. Ilisema kwamba mifugo itaruhusiwa kuingia mashambani baada ya mavuno.

"Mavuno yapi?" Bi Mwanaisha alikuwa amesimama kabla sijamaliza.

Lemburis akamjibu, na nadhani ndiyo mara ya kwanza walisemeshana mwaka ule. "Mama, ninyi mkisema mavuno, mimi natazama shambani naona mahindi yametoka. Naingiza ng'ombe. Kisha napigwa."

"Na mbaazi je, sare za shule za wajukuu wangu?"

"Mbaazi hazimo kwenye karatasi."

Walikuwa wamepigana kwa sababu ya neno moja ambalo kila upande uliliamini kwa namna yake.

"Basi tuziweke," nikasema, nikaweka kidole juu ya neno "mavuno". Likafutika mbele ya macho ya wote. Niliandika polepole, wao wakinitajia: baada ya mbaazi kuvunwa, na mwenye shamba mwenyewe kuruhusu. Kila neno lilipotokea, mtu fulani alilitamka kwa sauti kuwasaidia wasiojua kusoma. Kisha Lemburis akadai la kwake. Kama wafugaji watasubiri mbaazi, basi njia ya kwenda majini iwe wazi mwaka mzima, iwe pana, na ipandwe mkonge pande zote mbili ili mkulima asiisogeze kila msimu. Wakulima wakabishana wao kwa wao, sauti zikapanda, kisha Bi Mwanaisha akasema, "Andika." Nikaandika.

Hapo ndipo lilipotokea jambo lililotaka kuniangusha. Nilikuwa nimeinua mikono yangu kunywa maji. Pale kwenye televisheni, neno "mbaazi" likajifuta lenyewe, herufi moja moja, na mahali pake pakaandikwa "mazao".

Banda lililipuka. "Nani anaandika?" "Hajagusa! Mikono yake ipo huku!" Mzee mmoja wa nyuma akapiga kelele, "Si niliwaambia? Mjini huko!" Bi Mwanaisha alinigeukia, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyelaza nyoka nyumbani kwake. Lemburis aliichukua fimbo yake ukutani, si kwa kupiga, kwa kuondoka.

Nilijua ni nani. Nilipiga simu, nikaweka sauti ya juu, nikaisogeza kwenye kipaza sauti cha Shomari.

"Hiza, umefanya nini?"

"Nimerekebisha lugha tu," alijibu kwa furaha, asijue anasikika na kijiji kizima. "Mazao ni neno pana, linasomeka vizuri."

"Pana!" Bi Mwanaisha alifoka. "Upana huo ndio uliokula mbaazi zangu!"

Sauti ya Hiza ikashuka. Kisha, taratibu: "Shikamoo, mama."

Watu walicheka, lakini si wote. Nikawaomba dakika chache. Nilifungua historia ya faili, ile sehemu inayoonyesha kila badiliko, nani kalifanya na lini. Pale kwenye televisheni maneno ya Hiza yalikuwa na rangi ya kijani na jina lake juu, maneno yangu yalikuwa na rangi ya zambarau na jina langu. Nikagusa mahali pa kurudisha. "Mazao" likatoka, "mbaazi" likarudi palepale lilipokuwa.

Lemburis alikuwa amekwisha kufika mlangoni. Alisimama, akarudi hatua kwa hatua mpaka mbele ya televisheni, akanyoosha kidole kwenye ile rangi ya kijani.

"Huyu alipita hapa?"

"Alipita."

"Na hawezi kufuta nyayo?"

"Hawezi."

Akatafakari. "Ng'ombe akipotea tunafuata kwato. Kumbe na hii ina kwato." Akaiegemeza fimbo ukutani. "Lakini bado anaweza kuingia tena. Mfungie."

"Mfungie!" banda likaitika.

Hilo nalo niliwaonyesha. Niliingia mahali pa ruhusa, nikalitafuta jina la Hiza, nikamtoa kwenye kuandika nikambakiza kwenye kusoma tu. Nilimwambia kwenye simu, na alikubali bila kinyongo. Shomari, ambaye maisha yake yote ni mpira, aliruka juu ya benchi na kupuliza filimbi yake ya kutangazia mechi.

"Kadi nyekundu!"

Sijawahi kusikia shangwe kama ile. Kina mama walipiga vigelegele, wafugaji walicheka mpaka wakashikana mabega, na nilimwona Lemburis akimpa mkono Bi Mwanaisha, wote wawili wakijifuta machozi ya kucheka. Baada ya hapo kazi ilikuwa nyepesi. Tulipita aya kwa aya. Walibishana, walikubaliana, niliandika. Mwenyekiti alipouliza nani anaridhia, mikono ilinyanyuka kutoka mbele mpaka mlangoni, na nilipoipiga picha haikuenea kwenye skrini.

Siku iliyofuata, Handeni tena. Bi Mwanaisha na Lemburis walichaguliwa kunisindikiza hadi kwenye kikao cha halmashauri. Mpango ulichapishwa dukani karibu na ofisi, wao wakisimama juu ya printa kama watu wanaosubiri mkate utoke tanuruni. Bi Mwanaisha aliisoma karatasi yote kwa sauti, mstari kwa mstari, na Lemburis akisikiliza amefumba macho.

"Ndiyo hiyohiyo," Lemburis alisema mwishoni.

Kikaoni waliulizwa maswali magumu. Mjumbe mmoja aliuliza kwa nini njia ya ng'ombe iwe pana kiasi kile, wakati ardhi ya kilimo ni haba. Nilifungua mdomo, lakini Bi Mwanaisha alinitangulia.

"Ng'ombe mwenye kiu hapiti kwenye ujia, mheshimiwa. Ukimbana ataingia kwangu. Mwacheni apite."

Mwingine akauliza kama wafugaji wataweza kweli kusubiri mpaka mbaazi zivunwe. Nikamtazama Lemburis. Alisimama, akarekebisha shuka lake.

"Mbaazi ni sare za watoto wa shule," alisema. "Tutasubiri."

Bi Mwanaisha aliinamisha kichwa, akaibana kanga mdomoni. Mpango ukapitishwa bila mtu kupinga, na lambo likabaki Kang'ata. Tulipotoka nje walinikumbatia mmoja baada ya mwingine, kisha wakaenda kutafuta usafiri wa kurudi nyumbani, wakibishana njia nzima kuhusu nani ataleta miche ya mkonge.

Alasiri nilikuwa kwenye basi la kurudi Korogwe. Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba kazi yangu ni kuandika sentensi nzuri na kwamba watu hukataa kwa kuwa hawajaelewa. Kang'ata walielewa tangu siku ya kwanza. Walichokosa ni kuwapo pale neno linapobadilishwa. Walipokuwapo, hata neno lililowakera halikuwakimbiza, maana walimjua aliyeliandika na waliweza kumwambia arudi nyuma.

Kabla ya kuagana mwenyekiti alikuwa ameniomba kiungo cha kuufungua mpango kwa kusoma tu, akausambaze kwenye simu za watu wa kijiji. Tulipopita Sindeni, mahali ambapo mtandao hupatikana kwa shida, nilifungua faili bila matumaini makubwa. Juu ya ukurasa kulikuwa na alama ndogo ya msomaji mmoja asiye na jina. Nikadhani ni Hiza, kisha nikaona yake ipo pembeni, na jina lake. Ikatokea ya pili, ikatokea ya tatu. Zikawa safu nzima, za duara, za rangi kila namna, zikisogea kupisha nyingine, mpaka kifaa kikaacha kuzionyesha moja moja. Kijiji kilikuwa kimeingia kusoma. Nilikiweka kishikwambi mapajani na sikugusa kitu, nikawaacha wasome.