Noela Achagua Mwanza

Noela Mayala alikuwa tabibu katika zahanati ndogo nje ya Kahama, upande wa machimbo. Wagonjwa wake wengi walikuwa wachimbaji: leo kidole kimepondwa, kesho malaria, na wakishapona wanahamia kwingine, kwenye maduara, yaani mashimo mapya yaliyosifiwa kutoa dhahabu. Hakuzoeana na mtu. Jioni alirudi kwenye chumba chake cha kupanga, akasonga ugali wa mtu mmoja, akala huku redio ikizungumza.

Mwaka huo aliomba kusomea udaktari. Majibu yalipotoka, vyuo viwili vilimchagua, kimoja Mwanza na kingine Moshi, na alitakiwa athibitishe kimoja kabla ya wiki kuisha. Moyo wake ulikuwa Moshi. Alipokuwa akisomea utabibu katika chuo cha Kolandoto, daktari mmoja aliyetokea Moshi, Dokta Donatus, alimruhusu asimame kando ya meza ya upasuaji, akawa anamweleza kila anachokishika. Tangu hapo Noela akiwaza udaktari, aliiwaza Moshi.

Ila alitaka awepo mtu wa kumwambia, "Nenda." Nesi Klara, aliyefanya naye kazi, alimpigia vigelegele, kisha akasema, "Hayo mimi siyajui, dada. Udaktari si ni udaktari tu?" Kaka yake Bujiku hakupokea simu. Basi akaomba ruhusa, akapanda basi kwenda kwao Samuye.

Alimkuta baba yake akikagua ukwato wa ng'ombe aliyekuwa akichechemea. Noela akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu," alimwita 'mama' kwa Kisukuma. "Umekonda."

Akamweleza yote. Mzee alisikiliza bila kuuachia ule mguu wa ng'ombe.

"Huko Moshi tuna nani?"

"Hatuna mtu, baba."

"Na Mwanza?"

"Mwanza ni karibu. Nikitoka asubuhi, mchana niko hapa."

"Sasa unachoniuliza ni nini?"

Mama yake alikuwa akipepeta mtama pembeni. Alipomsindikiza hadi barabarani ndipo alipomshika mkono.

"Miguu yangu inavimba siku hizi," alisema. "Sikuzuii. Nakuambia tu."

Ndani ya basi Noela alitoa simu, akathibitisha Mwanza, kisha akageukia dirishani ili abiria wa pembeni asimwone akilia.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri. Kila alipopata nafasi alikuwa Samuye. Alimpima mama presha, akamsimamia dawa, na miguu ikaanza kupungua. Akajiambia moyoni kwamba hakukosea.

Mwaka wa pili, mitihani ilipokuwa imeanza kunukia, baba alimpigia mwenyewe, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Tumehama, mayu. Malisho yameisha kabisa. Bujiku katupatia eneo huku Tunduru. Ng'ombe walitangulia na malori, sisi tukafuata."

"Lini?"

"Wiki iliyopita."

"Na mama?"

"Yuko hapa, anakusalimia. Hatukutaka kukuvuruga na masomo."

Baba alikata, Noela akabaki na simu sikioni. Tunduru, kule kusini kabisa mwa nchi! Hata basi la kwenda huko hakujua linapandiwa wapi.

Likizo ilipofika wenzake walifunga mabegi wakaenda makwao. Naye akaenda Samuye, kwa kuwa hakujua kwingine. Zizi lilikuwa limejengwa upya, mlango wa nyumba umepakwa rangi ya bluu. Mwanamke asiyemfahamu alikuwa akifagia uani. Aliacha ufagio, akamletea kiti.

"Karibu, mgeni. Unamtafuta nani?"

"Nilikuwa napita tu," alijibu Noela. "Naomba maji ya kunywa."

Alikunywa yote, akashukuru, akarudi Mwanza siku hiyo hiyo. Bwenini walibaki yeye na mlinzi wa getini. Aliwasha redio, akafungua vitabu vyake.

Sasa yuko mwaka wa nne, na walimu wake wanamsifu kwa mkono wake mtulivu. Tunduru amefika mara moja tu. Mama humpigia kila Jumapili, mtandao ukikubali, naye Noela humuuliza habari za dawa, miguu na kizunguzungu. Mara nyingi simu hukatika hawajaagana. Habari ya Moshi hawajaigusa tena.