Nilimtega Wifi Kwa Sababu ya Tangi Lisilo na Samaki

Siku ile nilijibanza nyuma ya pazia la sebule yangu mwenyewe, simu mkononi, nikisubiri kumfumania wifi yangu akitia sumu kwenye tangi la samaki.

Tangi lenyewe halikuwa na samaki hata mmoja.

Usicheke. Sikiliza kwanza.

Nilikuwa karani wa bima. Kazi ya kukaa kwenye kiti na kutukanwa na wateja. Ilinifika hapa kooni, nikataka kufungua duka la samaki wa mapambo, wale wa maji chumvi.

Mume wangu akatangaza mbele ya ndugu zake, "Tangi la kwanza likifaulu, mke wangu, acha kazi. Nakuunga mkono."

Wakampigia makofi. Wifi tu ndiye aliyesonya. Alikuwa anaishi kwetu, na mimi na yeye tulikuwa paka na panya.

Sasa, tangi jipya huliwekei samaki siku hiyo hiyo. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, na amonia ni sumu. Lazima kwanza wazaliane bakteria kwenye mawe na kwenye sponji ya chujio. Hao ndio wanaoila amonia na kuigeuza kuwa nitraiti, kisha nitreti, ambayo haina makali. Bila wao, samaki anakufa kwa uchafu wake mwenyewe.

Kwa hiyo unatia amonia kidogo, unapima kwa matone ya kipimo yanayobadilika rangi, unasubiri.

Nikasubiri. Wiki zikaingia, zikatoka.

Kila nikipima, kijani kilekile. Amonia imejaa, nitraiti hakuna.

Nikapandisha joto. Nikapima chumvi upya. Nikaongeza hewa. Nikaacha maji ya bomba, nikatumia yaliyochujwa. Nikanunua hata bakteria wa chupa, nikawamimina kama dawa ya mtoto.

Wapi!

"Pole, mke wangu," mume ananiambia, ananisugua mabega. "Labda si fungu lako. Kazi ya bima nayo si mbaya."

Wifi naye anapita na ndoo ya deki. "Hilo tangi lako halitakaa lione samaki."

"Unaniombea mabaya?"

"Nakwambia ninachokiona."

Hapo ndipo nilipoanza kunusa. Sponji ya chujio ilinuka dawa ya madoa, ile ya kufulia nguo nyeupe. Dawa hiyo inaua bakteria wote, haibakizi hata mmoja. Na nani hapa nyumbani aliyekuwa akipigia deki dawa hiyo? Wifi.

Damu ikanichemka. Jioni hiyo nikawa namnusa mikono kila akipita.

Asubuhi iliyofuata nikaaga naenda kazini. Nikazunguka, nikaingia kwa mlango wa nyuma, nikajibanza.

Nikasikia ufunguo mlangoni. Nikawasha kamera.

Aliyeingia ni mume wangu.

Alikuwa anapiga mluzi. Akakunja mikono ya shati, akatoa sponji, akaiosha kwenye sinki kwa dawa ya madoa. Akairudisha. Kisha akamimina kifuniko kimoja ndani ya tangi, taratibu, kama anayeweka sukari kwenye chai.

"Unafanya nini?"

Chupa ikamponyoka.

"Ah... nasafisha. Nakusaidia."

"Nakurekodi."

Akakaa kwenye kochi. Sura aliyonikazia sikuwahi kuiona.

"Nilitaka uchoke mwenyewe. Mke wa kuuza samaki madukani, mimi watu watanionaje?"

"Si ungesema hapana!"

"Mbele ya ndugu zangu? Nionekane mbaya?"

Mlango wa jikoni ukafunguka. Wifi, na kitambaa cha vyombo begani.

"Kaka, leo umekamatika."

Nikamgeukia kama mbogo. "Kumbe ulijua!"

"Nilimwona tangu mara ya kwanza. Nikakwambia halitaona samaki. Ulitaka nikuchoree?"

"Kwa nini hukunitajia jina lake?"

"Ungeniamini? Wewe uliyekuwa unaninusa mikono?"

Alisema kweli. Ningemwita mchonganishi na kumtolea mabegi yake nje.

Nilihama na tangi langu. Kwa dada yangu nikaanza upya: mawe mapya, sponji mpya, chujio jipya. Siku matone yalipogeuka zambarau, yaani nitraiti imetokea, nilipiga kelele hadi majirani wakatoka. Baadaye zambarau ikafifia, na kijani cha amonia kikaisha kabisa. Nikaweka samaki wa kwanza. Leo nina duka, na kwa yule bwana sijarudi.

Wifi alikuja dukani mara moja. Akatazama samaki, akasema wanakodoa macho kama mimi, akaondoka zake. Hatujapatana, na sidhani tutapatana. Lakini yule mwanamke hajawahi kunidanganya.

Basi wewe unayeanza jambo lako na likagoma: kagua joto, kagua chumvi, kagua maji. Ukimaliza vyote, mkague na anayekupa pole.