Kibodi ya Elmina Isiyo na Waya

Watu wa kiwandani husema kompyuta ilimpandisha Elmina cheo. Cheo gani! Zamani chumba cha wapiga chapa, pale kiwanda cha chai karibu na Kapkatet, kilikuwa na akina mama wanne, na vicheko vyao vilisikika hadi kwenye mizani ya majani mabichi. Kompyuta ilipokuja mwaka wa tisini na nane, watatu wakapewa barua za kwenda nyumbani. Akabaki Elmina, mjane wa Kisii asiye na mtoto, yeye na ukuta. Jioni alirudi kwenye nyumba ya kampuni, nako ni ukuta vilevile. Wahenga walisema upweke ni uvundo, na hawakukosea.

Meneja, eti kumpongeza, akamletea kibodi isiyo na waya. Herufi zilipita hewani hadi kwenye kipokezi, kidude kidogo kama kiberiti kilichochomekwa kwenye kompyuta. Elmina akaona vumbi la chai litakimaliza. Akachukua kipande cha karatasi ya fedha, ile ya bati jembamba inayowekwa ndani ya magunia ya chai kuzuia unyevu, akakifunga kipokezi gubigubi. Kibodi ikafa papo hapo.

Fundi akaitwa kutoka mjini Kericho, kijana aitwaye Kiptum. Elmina aliposikia pikipiki nje, akaona haya kuonekana mshamba, akakifungua haraka. Kiptum akabadilisha betri, akabonyeza kitufe cha kipokezi, akaandika jina lake. Likatokea.

"Mama, hii kitu iko sawa. Ni kama inaniogopa."

"Basi kaa kidogo, iendelee kuogopa," Elmina akasema, akimmiminia chai.

Akakaa. Akala mandazi, akasimulia vituko vya ng'ombe wa mamake huko Merigi, wakacheka mpaka machozi. Alipoondoka, Elmina akakifunga tena kipokezi chake. Kibodi ikafa tena. Alaa! Akafungua, ikafufuka. Kumbe karatasi ile ndiyo iliyozuia herufi kupita. Mtu mwingine angeitupa. Elmina aliikunja, akaitia mkobani.

Jamani, msimhukumu. Kila upweke ulipomzidi, kipokezi kilivishwa karatasi, meneja akaitwa aone kibodi isiyoandika kitu, na Kiptum akapigiwa simu. Pikipiki ikisikika, Elmina anakivua. Kijana wa watu alihangaika! Alikisogeza mbali na kabati la chuma, akakihamisha kwenye tundu lingine, akaleta betri mpya kila mara. Elmina naye akamwuliza kama ng'ombe amezaa. Alianza kuamka akiwa na hamu ya kwenda kazini.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Siku moja Kiptum aliingia na boksi kwapani, wala hakuketi.

"Mama, nimekuonea huruma. Nimembembeleza meneja mpaka akakubali."

Akatoa kibodi ya waya, akaichomeka. Kile kipokezi akakitia mfukoni.

"Hii haiwezi kukusumbua. Hautahitaji kuniita tena."

Elmina alitamani kumwambia ukweli wote, hata kama ni kuaibika.

"Asante sana, mwanangu," akasema. "Chai je?"

"Siku ingine, Mama."

Pikipiki ikaondoka. Elmina akabonyeza herufi moja, kisha nyingine. Zote zilitokea. Kibodi ile haikuharibika hata mara moja, mpaka alipostaafu.