Mguu wa Baba Bwawani

Daktari alikuwa ameshasema: mguu wa kushoto ukatwe, tena upesi, maana sukari ilikuwa imeshaula hadi kifundoni. Baba alisema tu nimpeleke kwanza kwenye lile bwawa la msituni kule Pugu, alikozoea kuvua tangu astaafu ualimu.

Nilikasirika. Njia nzima kutoka Goba nilipiga honi ovyo, nikiona mzee ananizungusha tu ili siku iishe. Ndugu zangu nao hawakunipa nafasi ya kupumua. Simu juu ya simu, amekubali?

Pale bwawani miti imeinama juu ya maji, hata upepo hauingii. Mtu mwingine angepumzika. Mimi niliua mbu, nikatazama simu, nikatazama soksi aliyofunikia bendeji. Siku zote alivulia ukingoni, amesimama. Siku hiyo akamwomba mlinzi wa bwawa mtumbwi.

"Baba, utaloanisha kidonda."

"Nishike mkono niingie. Kisha kaa mbele, kafi usiliguse."

Mlinzi akatusukuma. Nikakaa nimempa baba mgongo, mshipi mkononi, hotuba yangu kichwani. Kila nilipoanza, "Baba, daktari kasema," alinikatisha: "Tazama mshipi wako, mama." Perege mdogo kama kidole akanasa, nikamrudisha majini bila hata kumwangalia. Nilitamani kupiga kelele. Tukaendelea kuzunguka, na mtumbwi ukawa unakwenda sawa kabisa. Nikashangaa, maana nyumbani mzee huyu hakuwa anafika chooni bila kushikwa.

Nikageuka. Mguu mbaya alikuwa ameulaza juu ya ubao, ameufunika taulo, haugusi maji. Jasho lilikuwa likimtoka. Anapiga kafi kulia, anapiga kushoto.

"Nilikuwa naogopa," akasema, "nitabaki mzee wa kutolewa kibarazani asubuhi na kuingizwa ndani jioni." Akavuta kafi tena, mtumbwi ukasogea. "Humu mguu hauna kazi. Wapigie wenzio. Na daktari mwambie kesho nakuja."

Simu nilikuwa nayo mkononi tangu asubuhi. Nikaizima, nikamwomba tuzunguke tena.