Mshale Unaopita Juu ya Mgongo

Nilikulia Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi, na huko baba alikuwa akiazima gobore la jirani tukatafute kitoweo. Alinifundisha kwamba risasi ikishatoka tu kwenye mtutu imeshaanza kuanguka. Mnyama akiwa karibu, mlenge mwenyewe. Akiwa mbali, lenga hewa iliyo juu ya mgongo wake, na kadiri alivyo mbali ndivyo hewa hiyo inavyoongezeka. Kule ni tambarare tupu, na kanuni hiyo haikuniangusha hata siku moja.

Hapa Burundi bunduki ni za askari, kwa hiyo nina upinde. Mshale nao huanguka, tena mapema zaidi. Nilijua hilo na nilijiona fundi.

Kazi yangu ni useremala wa mapaa, naishi Nyamugari, mjini Gitega. Shamba alilotuachia baba liko mbali, Gasorwe huko Muyinga, kwenye mteremko mkali unaoishia mtoni. Baba mdogo, ambaye hakukimbia nchi, ndiye aliyelitunza miaka yote tuliyokuwa nje. Niliporudi alinipa nilime. Nyani wakala mahindi msimu wa kwanza, wakala na wa pili. Nilipopanda tena, baba mdogo alituita mimi na mke wangu, akasema kwa Kirundi, taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia, kwamba shamba lisilovunwa ni pori, na nisipovuna safari hii pori hilo atampa mwanawe.  

Nikafanya mazoezi nyuma ya karakana. Nilisimamisha mgomba mwisho wa uwanja, nikalenga juu yake kama nilivyofundishwa, na mshale ukawa unajikunja angani na kushuka katikati ya shina. Wazee waliokuwa wakitoka kuswali walisimama kutazama, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Nilikwenda Gasorwe kichwa kikiwa kimenivimba.

Kule nilijenga kibanda juu kabisa ya shamba. Nyani walitokea chini, upande wa mto. Nikapima umbali kwa jicho, nikalenga hewa, nikaachia. Mshale ukapita juu ya mgongo wa dume kubwa ukaenda kuchoma matope. Lile dume liligeuka likautazama mshale, likanitazama mimi, likaingia katikati ya mabua na kuendelea kutafuna hindi langu. Liliondoka lilipotaka.

Kesho yake ikawa vilevile. Nikasema ni upepo. Nikabadilisha uzi wa upinde, nikachonga mishale mizito, nikabandika manyoya mapya ya kuku. Nyani hawakupi nafasi ya kurusha mara mbili, na hawakai mahali pamoja, kwa hiyo kila siku nilikuwa naanza upya, na kila siku mshale ulipita juu. 

Mke wangu, niliyekwenda naye, ni mzaliwa wa Nyamugari, Kiswahili chake kina Kifaransa ndani, na ulimi wake hauna breki. Alinisimamia mlangoni mwa kibanda akasema:

"We, iko unalenga nyani ao unalenga Tanzania?"

"Mshale huanguka," nikamjibu. "Hujui."

"Mi sijui, ndiyo. Lakini huyu wako haianguke, donc."

Nilimnunia siku nzima.

Kisha nikaitwa Gitega kumalizia paa la mtu. Nilikuwa nimekaa juu ya kenchi, zile mbao zinazobeba bati, nyundo mkononi, nikaitazama mbao ya mteremko iliyo mbele yangu. Ndefu, kama mteremko wa kutoka kibandani hadi mtoni. Nikaitazama mbao ya mlalo iliyo chini yake, kutoka ukutani hadi chini ya kilele cha paa. Fupi. Mshale wangu ulikuwa unashuka na ile ndefu, lakini ardhi ilikuwa inauvuta kwa kipimo cha ile fupi. Mimi nilikuwa nauongezea hewa ya ile ndefu. Maisha yangu yote nimepigilia misumari pembetatu hiyo hiyo. Niliitupa nyundo chini, mwenye nyumba akaruka pembeni.

Nilirudi Gasorwe. Dume lilikuwa kule kule mtoni. Nililenga kana kwamba liko karibu, na mkono wangu ulikataa, nikaulazimisha. Mshale uliingia ubavuni. Wengine wakatoweka, na sikuwaona tena.

Baba mdogo alisikia kelele akashuka kutoka kwake. Aliusogeza mzoga kwa mguu, akaangalia juu kibandani nilikokuwa nimesimama, akaangalia na ulikofika mshale, akasema ni shabaha nzuri kweli. Kisha akapita katikati ya mahindi akivuta bua moja baada ya jingine. Yalikuwa maganda matupu. Nyani walikuwa wameshamaliza.

"Basi mwanangu," alisema, "msimu ujao kibanda hicho ukae nacho. Shamba atalima mwanangu wa kumzaa, wewe utamlindia. Chakula hutakosa."