Uji wa Mama Mkwe

Miaka ile ya ukimbizi, mama mkwe alivuka ziwa kutoka Burundi akafikia kwetu Ujiji. Mimi tezi ya shingo ilikuwa imelegea kazi, mwili haupati joto. Nilivaa sweta juani, na vidonge havikunisaidia kitu.

Daktari akauliza nameza na nini. Na uji wa maziwa, nikasema, maana mama mkwe hataki dawa iingie tumbo tupu. Daktari akaniambia maziwa huzuia dawa; nimeze kwa maji matupu, nikae saa nzima ndipo nile.

Asubuhi nikamwambia mama mkwe kwa ukali kuwa sinywi uji mpaka saa ipite. Akafunika sufuria. Watoto wangu wakaanza kulilia uji.

“Wape basi, Mama.”

“Kwetu watu hawali mwenzao akitazama.”

Nyumba nzima ikakaa na njaa, ikisubiri kidonge changu.